Makofi katika Ukumbi wa Mitungi

Jumatatu, 3 Machi

Jana nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Tulikuwa kwa mama mkwe, chakula cha mchana, meza imejaa. Mwanyumba alikuwepo, maana Mwanyumba hakosi. Yeye kaoa dada mkubwa wa mke wangu, mimi nimeoa mdogo, na tangu hapo kila kitu chake kiko hatua moja mbele ya changu. Ana duka la samani. Hata viti tulivyokalia alivileta yeye. Kukaa tu pale ni kumshukuru.

Akauliza, mbele ya wote, hivi mimi hasa hufanya nini pale jumba la sanaa. Nilihamia pale kiwanda cha uchapaji kilipofungwa, na hakuna aliyewahi kuuliza. Ningesema ukweli. Mimi ni mlinzi wa ukumbi. Navaa sare ya kijivu, nakaa kwenye kigoda kando ya mitungi, nawaambia watu wasiguse. Kazi ya halali. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema mimi ni Msimamizi wa Maonyesho. Haukuishia hapo. Ukaongeza kwamba ndimi ninayeamua kipi kiwekwe na kipi kiondolewe. Mke wangu alipaliwa na chai.

Mama mkwe akaacha kutafuna. Akanitazama kwa heshima, kwa mara ya kwanza tangu nipeleke posa. Utamu ulioje! Ulidumu mpaka Mwanyumba alipotoa simu yake kutuonyesha tiketi. Ijumaa jioni jumba letu lina dansi ya muziki wa kielektroniki, watu watacheza katikati ya sanamu, naye amekwisha kata tiketi, yake na ya shemeji. Alisema sasa atakwenda kwa raha zaidi, maana atapokelewa na mkubwa wa mahali.

Ijumaa jioni niko zamu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kutoonekana.

Asubuhi nilikwenda kwa Mhifadhi. Huyu ni mama anayeangalia afya ya kila kitu ndani ya jumba, kuanzia picha hadi mitungi, na hana mzaha. Nilimwomba Ijumaa anipange ghalani, nyuma kabisa, kwenye makreti. Nikasingizia mgongo. Akasema hapana, kwanza alikuwa ananitafuta.

Tatizo ni besi. Muziki huu una besi nzito, besi hutikisa rafu, na rafu ikitikisika kwa muda mitungi hutembea. Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Hutembea kidogo kidogo mpaka ukingoni, alisema, na mtu aliye karibu asione. Chombo cha kupimia mtikisiko kimeharibika, kwa hiyo atatumia njia aliyofundishwa zamani: bilauri ya maji, inawekwa kwenye rafu ileile ya mitungi. Maji yakitulia, salama. Yakianza kufanya mikunjo, mlinzi anainua tochi yenye karatasi nyekundu, dijei aliyeko ukumbi wa kati anaiona kupitia mlangoni, anapunguza besi. Basi. Inatakiwa mtu anayeweza kutazama kitu kimoja jioni nzima bila kusinzia wala kupiga soga. Akasema mtu huyo ni mimi.

Nikajaribu kukohoa pia. Haikusaidia.

Nyumbani nikamweleza Binti. Yuko mwaka wa kwanza chuo cha sanaa, na mtungi wake uko kwenye rafu hiyohiyo pamoja na ya wenzake. Mtungi utakaopendeza zaidi mwisho wa mwezi, mwenyewe atapewa nafasi kwenye karakana ya jumba kwa mwaka mzima: udongo, tanuri, mwalimu, kila kitu. Mitungi yake mingine yote ilipasuka tanurini. Huu peke yake ulitoka mzima, rangi ya chai ya maziwa, shingo nyembamba, mdomo umeinama kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Binti aliposikia habari ya bilauri alishusha pumzi. Alisema amekuwa hapati usingizi kwa kufikiria besi. Kama ni baba anayeangalia, alisema, basi leo nalala.

Nikajisikia vibaya. Muda wote huo nilikuwa bado natafuta njia ya kukimbia.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili: koti.

Nimeliazima kwa fundi cherehani wa jirani. Ni la mteja ambaye hajaja kulichukua. La bluu, refu, kitambaa cha mahameli, linafunika sare yote hadi magotini. Msimamizi wa Maonyesho mtupu! Nimeongeza na miwani ya kusomea ya mke wangu. Sioni mbali, lakini naonekana mtu anayeona mbali.

Nilijitazama kwenye kioo cha chumbani kwa muda mrefu. Mke wangu akaingia, akauliza nani kafariki. Nilipomweleza mpango akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia hata njia fupi hupitika kwa koti zuri. Akaniomba nimrudishie miwani yake, anataka kuchambua mchele.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa tatu, na niseme wazi kwamba siuonei fahari.

Wakati wa chakula cha mchana nilijifungia stoo ya mafagio, nikafunika simu kwa kitambaa, nikampigia Mwanyumba kwa sauti nene. Nia ilikuwa kumwambia kwamba naongea kutoka ofisi ya jumba na kwamba dansi ya kesho imeahirishwa kwa sababu za kiufundi. Nikasema haloo. Yeye akasema, mwanyumba, vipi, una mafua?

Nilisahau kwamba namba yangu anayo.

Nikasema ndiyo, nina mafua. Akanipa pole. Akanielekeza nijifukize, ninywe maji ya moto na tangawizi, nisitoke usiku. Halafu akaongeza kwamba nisijali, hata nikiwa mgonjwa kesho atakuja tu, hawezi kukosa kuniona kazini. Nikamshukuru. Nilipotoka stoo Mhifadhi alikuwa amesimama koridoni na daftari lake, akaniuliza kama ninaongea na mafagio. Nikasema hapana, naongea na ndugu. Akaandika kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi alasiri. Sare chini, koti juu, joto ajabu. Mafundi wanafunga spika ukumbi wa kati. Dijei ni kijana mpole mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Nilimwonyesha tochi, akainua kidole gumba. Tumejaribu, tumeelewana.

Binti amepita kuuona mtungi wake. Ameusogeza kidogo ndani ya rafu, akaupangusa kwa ncha ya mtandio. Mwalimu wake atakuja. Ameniuliza hili koti la nani. Nimemwambia ni la kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Sijalala. Naandika kwa sababu siwezi kusema na mtu yeyote humu ndani, na wote wana haki.

Jioni ilianza vizuri. Lazima niandike hivyo kwanza. Watu walijaa, taa za zambarau na kijani zikapita juu ya sanamu, muziki ukaanza kudunda polepole. Mimi niko kwenye kigoda changu, macho kwenye bilauri. Maji yakafanya mkunjo mmoja, nikainua tochi, besi ikashuka. Ukumbi mzima wa watu ulilegea kwa mkono wangu! Ikapanda tena, nikainua tena, ikashuka tena. Binti alipita mlangoni akicheza na wenzake, akanipungia. Nilifikiri, hii nayo ni kazi. Ningebaki na fikra hiyo.

Akaja Mwanyumba na shemeji. Suti nyeupe, viatu vinang'aa. Nikafunga vifungo vya koti. Akanikumbatia, akaniuliza mafua, kisha akauliza kwa nini mkubwa wa mahali amekaa kwenye kigoda, ana tochi, anatazama maji.

Hapo palikuwa na jibu. Lilikuwa jepesi: nalinda mtungi wa mwanangu. Mtu yeyote angelipenda jibu hilo. Mimi nikasema hii ni kazi yangu ya sanaa. Inaitwa Subira.

Mwanyumba akasema aaa. Akawaita watu waliokuwa wakipita. Wakasogea. Nikaeleza kwamba maji husikia tusichosikia. Nikaeleza kwamba mwanadamu wa leo anadunda ndani lakini nje anajifanya bilauri. Sijui nilikotoa hayo. Bibi mmoja mwenye hereni kubwa alitikisa kichwa, akasema ni kweli kabisa. Wengine wakapiga picha. Nikavikwa kilemba cha ukoka, nami nikakivuta mpaka masikioni.

Kisha Mwanyumba akauliza, na tochi isipoinuliwa?

Maji yalikuwa yamekwisha anza kukunjamana. Niliyaona. Nataka niandike hili bila kujificha: niliyaona. Tochi ilikuwa mkononi. Nikasema hapo ndipo sanaa inapoanza. Nikafunga mikono kifuani. Nilidhani nimalizie tu sentensi moja, halafu niinue.

Sentensi moja ilizaa nyingine. Dijei hakuona nyekundu, akadhani kumetulia, akaongeza. Maji yakaruka ruka ndani ya bilauri. Shemeji akasema ule mtungi unatembea. Watu wakacheka kwa furaha, nami nikacheka. Mtungi wa Binti ulisogea kama mtu anayeomba nafasi kwenye benchi, taratibu, kwa adabu, ukafika ukingoni, ukaanguka.

Nilijua nimefanya nini. Nilikuwa na mdomo wazi na mikono bado kifuani. Halafu Mwanyumba akaanza kupiga makofi. Bibi wa hereni akafuata. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mtu akasema kazi nzito.

Mimi nikainama.

Niliinama vizuri, mkono tumboni, kama wafanyavyo waigizaji. Nilipoinuka, Binti alikuwa amesimama na mwalimu wake nyuma ya Mwanyumba. Hakulia. Alipiga magoti, akatandaza mtandio wake sakafuni, akaanza kuokota vigae. Mwanyumba akamwambia kwa upole, mwanetu, acha, usiguse, hiyo ni kazi ya baba yako.

Neno moja tu lilihitajika. La Binti au langu. Mimi nililitafuta nikaona limekwama. Yeye aliinua uso, akanitazama, akamwambia, najua, baba mkubwa, namsaidia kuokota tu.

Ardhi ingepasuka ningeingia kwa miguu yangu mwenyewe.

Mhifadhi alifika baada ya Mwanyumba kurudi kucheza. Akaniuliza bilauri ilisema nini. Nikamjibu kwamba kuna mgeni aliyekunywa maji. Bilauri ilikuwa mbele yetu sote wawili, imejaa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na nia ya kutengeneza mambo. Binti alikuwa ametoka, vigae viko juu ya meza yake ndani ya mtandio. Nilinunua gundi ya nguvu. Mimi ni mtu wa mikono, nimefanya kazi na mashine za uchapaji, nikajiambia mtungi utanishindaje.

Shingo ilikaa vizuri sana. Baadaye nikagundua imekaa juu chini. Nikajaribu kuibandua, kidole gumba kikagoma kutoka. Nikavuta, kikaja na kigae. Binti aliporudi alinikuta nimekaa chumbani kwake na kipande cha mdomo wa mtungi mkononi, hakitoki, mimi na kigae tumekuwa kitu kimoja.

Hakupiga kelele. Angepiga! Alileta maji ya vuguvugu na sabuni, akakiloweka kidole changu, akakaa kunisubiri. Nikamwambia pole kwa mtungi. Akasema mtungi ni udongo, mwalimu amemwombea muda, akileta mwingine kabla ya mwisho wa mwezi utapokelewa. Halafu akasema, lakini baba, uliinama.

Kigae kikatoka na ngozi kidogo.

Usiku wa leo nimemwahidi. Jumapili ijayo, kwa mama mkwe, mbele ya wote, nitasema ukweli wote: kigoda, sare, bilauri, mtungi ulikuwa wa nani. Akasema itakuwa vizuri. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau mtu anaweza kupiga deki.

Jumanne, 11 Machi

Nimeondolewa Ukumbi wa Mitungi. Mhifadhi aliniambia kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kama angenifokea. Alisema alinichagua kwa sababu najua kutazama, na kwamba alikosea kuhusu anachokitazama mtu kama mimi. Sasa niko mlangoni, dirisha la mizigo. Wageni wananipa mabegi na miavuli, nawapa vibao vya namba.

Nimefikiria. Msimamizi wa Mizigo. Hapana. Nimeyafuta mawazo hayo. Mimi ni mtu mpya.

Alhamisi, 13 Machi

Binti anafinyanga upya. Kila jioni anarudi na udongo kwenye kucha. Leo ameuleta mtungi nyumbani, umekauka nusu, ameuweka dirishani chumbani kwake upate hewa taratibu. Jumatatu ijayo ataupeleka tanurini. Ni mwembamba kuliko ule wa kwanza, na mzuri kuliko ule. Nilisimama mlangoni nikautazama bila kuingia. Aliona kwamba sikuingia. Alisema asante.

Nimekuwa nikijizoeza maneno yangu ya Jumapili mbele ya kioo, bila koti. Koti nimelirudisha kwa fundi, lina doa la gundi, na mteja amekuja. Hilo ni jambo jingine.

Jumapili, 16 Machi

Nilikuwa tayari. Naapa nilikuwa tayari. Nilikula kidogo ili sauti iwe safi. Binti alikaa mkabala nami, mke wangu pembeni. Nilishika kijiko, nikakiweka, nikakohoa.

Mwanyumba akasimama kabla yangu. Alisema ana neno kuhusu mwanyumba wake, yaani mimi. Akawahadithia wote: maji, ukimya, mtungi uliotembea wenyewe, makofi. Alisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa. Akasema mwanzoni, atubu mbele ya wazee, alikuwa akinidharau kidogo. Akaniomba radhi. Mwanyumba! Mama mkwe alitoa leso. Akasema siku zote alikuwa na hofu kwamba binti yake mdogo hakuolewa vizuri, na leo hofu hiyo imemtoka.

Wote wakanitazama. Binti naye alinitazama. Nilijua kabisa ni saa ile, na kwamba ikipita haitarudi. Nikafungua mdomo.

Mwanyumba alikuwa bado hajamaliza. Jumamosi anafungua duka la pili. Amemkodi dijei yuleyule mwenye soksi. Anataka niwafanyie Subira pale mlangoni, mbele ya wateja wote na diwani.

Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka. Kilichotoka ni kwamba nitahitaji rafu nyepesi na spika kubwa.

Binti aliinuka, akaenda kumsaidia bibi yake kuosha vyombo. Njiani kurudi nilimweleza Binti kwamba ukweli haujaghairiwa, umeahirishwa tu, nitausema baada ya ufunguzi, ukweli unahitaji mahali pake. Nimejisikia vibaya sana. Hata sasa najisikia vibaya, na nadhani hiyo ni dalili nzuri.

Limebaki tatizo moja dogo. Mitungi ya sokoni nimeiangalia kwenye simu, ni minene, haitembei. Inatakiwa myembamba. Ule wa dirishani ni mwembamba, lakini kesho unakwenda tanurini. Nitaamka mapema niuweke kando, kabatini, nyuma ya mablanketi, mpaka Jumamosi ipite. Tanuri lipo kila siku. Na safari hii hautaanguka, nitainua tochi mapema, nimeshajua kosa lilikuwa wapi. Sitamwambia Binti kabla. Asije akapata wasiwasi bure.